Acheni kuchukua picha zetu za Goma na kuzivisha uongo

Ndugu zangu, nimevumilia vya kutosha. Leo nasema.

Mimi napiga picha za kawaida: barabara, safari za ziwani, michoro ya ukutani, mbao kuukuu zinazogeuzwa viti. Naziweka bure, kila mtu atazame, na kila moja naiandikia mahali na siku. Sasa kuna kurasa zenye wafuasi chungu nzima zinazozichukua, zinafuta maelezo yangu, kisha zinaandika msiba wa kubuni.

Chukueni ile ya mbao. Aliyeishi Goma anazijua nyumba zetu. Lava ya volkano ya Nyiragongo iliposhuka mjini tarehe 17 Januari 2002, watu walijenga tena kwa mbao juu ya mawe yaleyale meusi. Hadi leo mtu akipata pesa ya kujenga kwa matofali, anaita fundi, na nyumba ya zamani inafunguliwa ubao kwa ubao. Nilipiga picha rundo kama hilo mbele ya karakana ya seremala mmoja, mzee ninayemheshimu sana. Upande mmoja wa mbao bado una rangi ya bluu ya sebuleni, wa pili umeingia moshi wa jikoni. Kijana wake amekaa juu ya jiwe la lava ananyoosha misumari kwa nyundo, mmoja mmoja, maana msumari ulionyooshwa unapigwa tena. Mzee anatoa humo stuli na vitanda vya watoto. Kazi safi, kazi ya akili.

Ukurasa mmoja ukaandika eti ni nyumba iliyopigwa bomu, na mtoto anatafuta mabaki ya wazazi wake. Wazazi gani? Mama yake alikuwa hapohapo kando, anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani! Mzee alipigiwa simu na ndugu zake wa Kampala wakilia. Wateja nao wakaanza kumuuliza kama mbao zake ni za marehemu. Jamani, mzee wa watu amewakosea nini?

Mkiona hilo ni dogo, sikieni hili. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika bandari ya Kituku, hapa Goma. Mji mzima ulilia. Mtu akachukua picha yangu ya safari ya Bukavu, boti nyingine, mwaka mwingine, abiria wameketi juu ya magodoro wanacheka, akaisambaza kuwa ndiyo iliyozama. Watu waliokuwa wakitafuta ndugu zao waliikuza ile picha, wakachungulia uso baada ya uso. Mmoja aliniandikia akiuliza kama yule mwanamke wa kitenge cha njano nilimwona akipanda. Ilinibidi nimwambie kwamba picha yote si ya boti ile. Hasira ya siku hiyo ninayo mpaka sasa.

Msiniambie hamkujua. Picha ikizunguka WhatsApp inabanwa, na tarehe na mahali vilivyofichwa ndani yake vinapotea, sawa. Lakini mimi nilikuwa nimeandika chini yake, na nyinyi mkafuta. Na msiba wa kweli tunao hapa, hatuhitaji wa kutengeneza. Mkishazoesha watu picha za uongo, yule aliyepiga ya kweli naye anaitwa mwongo.

Michoro je? Mchoraji anasimama juani juu ya ngazi, ukuta wa mawe ya lava unamnywea rangi, halafu pembeni anaandika jina na namba ya simu ili apate kazi nyingine. Mnakata pembe hiyohiyo na kubandika nembo yenu! Sheria ya haki za wabunifu ipo nchini tangu tarehe 5 Aprili 1986, enzi za Zaire, na inalinda picha na michoro pia. Ile namba ndiyo chakula cha nyumba yake.

Nataka hivi: waliopotosha picha ya mbao waifute na waandike wazi kwamba ile ni karakana. Ya boti iondolewe popote ilipo. Wenye viungo vya kurasa hizo viwekeni hapa chini, nitamwandikia kila mmoja. Na anayemjua mwanasheria anayeshughulikia haki za wasanii, awe Goma au Bukavu, tafadhali aniambie wiki hii.