Santuri za marehemu baba: ninunue mashine ipi ya kuzichezea?

Wakuu, baba ameniachia santuri 43, nyingi za Mbaraka Mwinshehe, zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Sijawahi kumiliki mashine. Nipo Tabata, chumba kimoja. Nianzie wapi?

— Pole kwa msiba, mkuu. Epuka mashine za kisanduku zenye spika ndani. Nyingi sindano yake hukandamiza santuri na kuziharibu, na santuri hizo hupati nyingine. Audio-Technica LP60X inatosha, unaichomeka moja kwa moja kwenye spika zenye amplifaya yake.

— Spika zisikae meza moja na mashine, mtikisiko huingia kwenye sindano.

Ahsanteni. Kuna tatu nzito za taarabu, zimeandikwa 78.

— Hizo usiziguse kwa LP60X! Zinataka mashine yenye mwendo wa mizunguko 78 kwa dakika na sindano nene. Zisimamishe wima, usizilundike.