Ameweka glasi ya ukwaju juu ya meli yangu!!!

FundiShetri:
Wallahi mkono unatetemeka ninapoandika. Nimetoka pale sasa hivi, sijavua hata viatu. Yule bwana mnamjua, sitaji jina, mji huu penye maikrofoni hakosi. Leo kaletwa kufungua maonyesho ya efekti, zile hila za filamu, na ameweka GLASI YA UKWAJU juu ya meli yangu.

Ngojeni niwaeleze. Ile meli ni mfano mdogo wa Santo António de Tanna ya Wareno, iliyozama mwaka 1697 mbele ya Ngome ya Yesu, hapa Mombasa, Waomani wakiwa wameizingira. Mtoto wa Mji wa Kale hahitaji kuambiwa. Nimeichonga miezi mitano kwa ajili ya kile kipindi cha televisheni, ubao kwa ubao, kamba nimesokota kwa mikono yangu, kila kipimo nimekigawa kwa 16. Iko mezani kwake, taa imeipiga, watoto wa shule wameizunguka kimya. Anaingia yeye na msafara, utadhani wanakwenda kuposa. Atazama huku, atazama kule, hana pa kutua glasi. Meza tupu iko hatua mbili! Akaitua juu ya shetri, ile sehemu ya nyuma ya meli. Juu ya shetri, jamani! Halafu akawaambia wale watoto: "Hivi ni vitu vya kuchezea, siku hizi yote ni kompyuta."

Glasi yenyewe ilikuwa ya baridi, inatoka jasho. Naliona lile jasho likiteremka kwenye vanishi yangu, nami nimesimama nyuma ya kamba siruhusiwi kusogea.

MlaMahamri:
Nilikuwepo. Glasi ilikaa pale tangu hotuba mpaka dua. Na hotuba ile, tuliingia vijana tukatoka na mvi.

MamaKisauni:
Pole mwanangu. Ingekuwa kwangu, ukwaju ule ungerudi kwake, ila kwa njia ya kichwani.

NahodhaBilaChombo:
Yakhe, meli imezama tangu 1697, weye waililia leo kwa glasi moja? Pangusa, tuendelee.

FundiShetri:
Glasi moja? Ipige mara 16 uone! Kwa mabaharia wa meli ile, hilo ni tangi linalopita urefu wa mtu mrefu, limewashukia kutoka mbinguni.

Na hilo la kompyuta ndilo lililonichoma zaidi. Kile kipande cha kuzama kilikuwa kinaonyeshwa pale pale ukutani kwenye skrini kubwa, na yeye mwenyewe alikipigia makofi! Ni tangi la maji nyuma ya nyumba ya ami yangu, na kamera ya fremu 96, yaani picha 96, kwa sekunde. Kwa nini 96? Meli ni moja kwa 16, kipeuo cha pili cha 16 ni 4, na filamu ya kawaida ni fremu 24; 24 mara 4 ndiyo 96. Ukipiga kwa 24, wimbi linarukaruka kama maji ya beseni. Ukipiga kwa 96 ukaonyesha kwa 24, wimbi linakuwa zito, linapanda na kushuka kama la bahari yenyewe. Meli utaipunguza utakavyo, tone la maji halipunguki, hapo ndipo fundi anapotokwa jasho. Angeniuliza ningemweleza yote hayo, na chai ningemnunulia. Hakuuliza. Aliweka glasi.

PikseliNyali:
Glasi ni kosa, tena kubwa. Lakini kompyuta usiitie ubaya. Zile nyuzi zilizoshika mlingoti usianguke kabla ya wakati, nani alizifuta? Mimi, fremu moja moja, usiku kucha. Na jina langu mwisho wa kipindi halikutokea. Hilo mbona halifunguliwi uzi?

FundiShetri:
Kompyuta sijaitukana. Nimemtukana yeye. Na hata yeye sijamtukana bado.

KasukuWaMakupa:
Fundi, mimi niko nawe. Walipotengeneza Jurassic Park, ile filamu ya 1993, lile dinosaria kubwa la mashine la fundi Stan Winston na wenzake lilipigwa na mvua ya kupikwa, ngozi ikanyonya maji, likaanza kutetemeka kama lina homa. Mafundi wakalikausha kwa taulo. TAULO. Wenzetu wanakausha vitu vyao, sisi twawekewa ukwaju.

MzeeWaRegal:
Nyote watoto. King Kong wa 1933, yule sokwe mkubwa wa filamu, alikuwa mdoli wa sentimita 45 hivi, mifupa ya chuma, manyoya ya sungura, anasogezwa kidogo anapigwa picha, anasogezwa tena. Picha 24 kwa sekunde moja tu! Ukitazama vizuri manyoya yanacheza, ni vidole vya fundi vile. Sisi tulikaa sinema ya Regal, tukakaa ya Naaz, tukaogopa kikwelikweli. Leo mtu anatazama meli inazama kwenye simu, tena ndani ya matatu, kisha anasema haikumgusa. Itamgusa vipi? Meli ni kubwa kama kucha!

BintiLikoni:
Mimi langu ni lile jini. Tamthilia ya jioni, mnaijua. Jini limepakwa unga wa ngano uso mzima, mkononi limevaa saa. Jini na saa! Linawahi feri?

MlaMahamri:
Na damu je? Juzi mtu kachomwa kisu, ikatoka sosi ya nyanya. Nimeziona mbegu kwa macho yangu.

MamaKisauni:
Damu si kazi ngumu. Shira, rangi nyekundu ya chakula, kakao kijiko kimoja ipate weusi. Nimewatengenezea watoto wa mchezo wa shule, mwalimu nusura azirai.

MzeeWaRegal:
Shira nzito au nyepesi?

MamaKisauni:
Nzito, inyooke kama uzi. Nyepesi ni ile wanayotumwagia kwenye kaimati za duka la kona, na wale nina maneno nao.

FundiShetri:
Jamani, glasi! Alama imebaki, duara kamili juu ya shetri. Nimesugua, haitoki.

NahodhaBilaChombo:
Mama Kisauni, zile kaimati siku hizi zina tundu ndani, ama ni mimi tu?

BintiLikoni:
Si weye tu. Mimi jana nimeuma hewa.

MlaMahamri:
Na wamepunguza idadi kwenye mfuko, hesabuni leo usiku mtaniambia.