Kwa nini kipanya kinabofya pembeni ya kitufe ilhali namba za x na y ni sahihi?

Swali

Wakuu, habari za kazi. Nimeandika skripti ndogo inayofungua fomu, kuijaza na kubofya vitufe kwa niaba yangu. Ili kujua mahali pa kila kitufe, nilipiga picha ya skrini, nikaifungua kwenye programu ya kuchorea na kusoma namba za x na y. Kwenye kompyuta ya mezani kila kitu kinakwenda sawa. Kwenye kompyuta mpakato, ambayo nayo ina skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, kitufe cha menyu kilichoko (40, 32) kinabofyeka bila shida, lakini kitufe cha Hifadhi kilichoko (1200, 640) kinakoswa kwa mbali: kishale kinatua kulia zaidi na chini zaidi. Vilevile, nikiongeza y kishale kinashuka, ilhali shuleni tulifundishwa kwamba y ikiongezeka tunapanda. Je, mambo haya mawili yana chanzo kimoja? Natumia Windows.

Jibu la 1

Hayana chanzo kimoja, na hilo la pili wala si kosa. Kwenye skrini, sifuri ya mihimili yote miwili iko kwenye kona ya juu kushoto. X inaongezeka kuelekea kulia na y kuelekea chini, kama vile mtu anavyosoma ukurasa.

Kuhusu kukosa kitufe, umetupa dalili nzuri bila kujua: karibu na kona unapata, mbali na kona unakosa. Kama kishale kingekosea kwa kiasi kilekile kila mahali, ningesema umepima kuanzia kona ya dirisha badala ya kona ya skrini. Kosa linalokua kadiri unavyoondoka kwenye kona maana yake ni kwamba namba zako zinazidishwa na kitu fulani. Fungua mipangilio ya skrini uone ukuzaji, yaani kiasi ambacho Windows inakuza maandishi na vitufe, ni asilimia ngapi. Nadhani utakuta 125. Katika hali hiyo (40, 32) inageuka kuwa (50, 40), ambayo bado imo ndani ya kitufe cha menyu, lakini (1200, 640) inageuka kuwa (1500, 800).

Muulizaji

Ni 125 kweli, na kwenye kompyuta ya mezani ni 100. Nimeiagiza skripti inieleze ukubwa wa skrini ya mpakato, ikajibu 1536 kwa 864. Basi nigawanye kila namba kwa 1.25?

Jibu la 2

Usigawanye. Itafanya kazi leo, kisha mtu atabadilisha ukuzaji uwe asilimia 150 nawe utaanza upya. Kinachotokea ni kwamba Windows inaichukulia skripti yako kuwa programu ya zamani isiyoelewa ukuzaji, kwa hiyo inaipa skrini ya kufikirika ya 1536 kwa 864, wakati picha uliyopima ina pikseli halisi 1920 kwa 1080. Ita `SetProcessDPIAware`, amri ya Windows inayosema kwamba programu inaelewa ukuzaji, mwanzoni kabisa mwa skripti, kabla haijafungua dirisha lolote, na vipimo vyote viwili vitakuwa vya aina moja. Wanaotumia Mac zenye skrini za Retina hukutana na jambo linalofanana na hili: picha ya skrini huwa na pikseli mara mbili kila upande kuliko nukta ambazo kishale huhesabu.

Jibu la 3

Naongeza moja kwa atakayeunganisha skrini ya pili. Sifuri iko kwenye kona ya skrini kuu, si kwenye kona ya skrini zote kwa pamoja. Skrini yenye upana wa 1920 ikiwekwa kushoto kwa ile kuu, x zake zinaanzia -1920 hadi -1. Nilipoteza jioni nzima nikidhani hizo hasi ni hitilafu, nikaandika msimbo wa kuzigeuza kuwa chanya, na mibofyo yote ikahamia skrini isiyohusika.

Muulizaji

Nimeongeza mstari huo mmoja, skripti sasa inasoma 1920 kwa 1080 na Hifadhi inabofyeka. Ila nilipolisogeza dirisha la fomu kidogo kulia, vitufe vyote vimekoswa kwa kiasi kilekile.

Jibu la 1

Hilo sasa ndilo kosa la kiasi kilekile kila mahali nililolitaja mwanzoni. Pima mahali pa kitufe kuanzia kona ya sehemu ya ndani ya dirisha, yaani bila kuhesabu upau wa kichwa, kisha ipe amri ya Windows iitwayo `ClientToScreen` namba hizo ikurudishie za skrini kila mara kabla ya kubofya. Dirisha likihama, kitufe kinahama nalo. Angalizo: ukibadilisha ukubwa wa dirisha, fomu nyingine hupanga vitufe upya, na hapo hesabu hii haitoshi.