Kijana wangu anaingia fomu wani Januari na Kiingereza hana kabisa, nimsaidieje?

MamaK_Uyole:
Wakuu habarini. Kijana wangu wa kwanza kafaulu la saba, kapangiwa sekondari ya kata, kutembea kama dakika 40 toka hapa Uyole. Msingi kasoma ya serikali, Kiswahili mwanzo mwisho, na alikuwa hatoki tatu bora. Sasa naogopa maana mtoto wa dada yangu alikuwa hivyohivyo, kaingia fomu wani kaanza kuleta sifuri, akawa mkimya, mpaka leo shule anaiona jela. Kuna kituo cha pre-fomu wani Mwanjelwa wanasema wanafundisha topiki za Fizikia na Kemia kabisa. Nilipie au nitakuwa natupa hela?

TichaWaBaio:
Kamwene mama. Nafundisha Baiolojia fomu wani huku Iringa. Wanaokwama wengi wala sio wajinga. Mtoto anajua usanisinuru tangu msingi, jani linataka mwanga, maji na hewa, ukimuuliza kwa Kiswahili anakumwagia yote. Sema fotosinthesisi uone anavyoinamisha kichwa. Ananakili ubaoni mwandiko safi kabisa, muulize kaandika nini hajui. Wiki za mwanzo huwa kuna kozi ya Kiingereza ila ni fupi, ikiisha anaingiliwa na walimu tofauti kila somo, na kila mwalimu anadhani mwenzake ndo anafundisha lugha 😅

Kwa hiyo hicho kituo kama ni topiki tu za Fizikia, achana nacho, atazikuta shuleni. Kama wanamfanya aongee na asome hadithi fupifupi, lipia. Nyumbani awe na kidaftari cha maneno, na kitu cha kwanza kabisa ajifunze kusema kwa Kiingereza "mwalimu sijaelewa, naomba urudie", maana asiyeweza kusema hivyo atanyamaza mpaka mtihani wa taifa wa fomu tuu umkute.

Halafu matokeo ya kwanza yakija mbaya usimgombeze. Pale wamekutana wa kwanza wa shule za msingi nne tano, wote hawawezi kuwa wa kwanza tena.

Mwana_Makete:
Ticha umeongea ila sio lugha tu. Mimi sekondari ilikuwa masaa mawili kwa mguu so tukapanga geto wanne, miaka 14, tunajipikia wenyewe. Jumapili unashuka na unga na maharage toka nyumbani, Alhamisi unga umekata, hapo nani anawaza Kiingereza? Wawili waliacha kabla ya fomu tuu. Mimi aliyeniokoa ni mama mwenye nyumba, hajasoma hata la nne, lakini kila saa mbili usiku anapita na koroboi yake "mmefungua madaftari?" na kama hujala anakujua kwa sura tu. Mama K wako atalala kwako, hiyo ni nusu ya safari. Mtafutie kijana wa fomu tuu au thrii hapo mtaani waongozane wiki za mwanzo, atamwambia mwalimu gani mkali na wapi wanaponyang'anyana hela za maandazi, vitu ambavyo wewe hutaambiwa.

kinyozi_wa_soweto:
Mchango wa chakula cha mchana lipa mapema aisee. Ada ilifutwa 2016 sawa ila mtoto mwenye njaa saa nane hasikii kitu. Na mwavuli, mvua za Januari Mbeya unazijua.

MamaK_Uyole:
Ndaga fijo wote. Ticha ile sentensi nimemfundisha jana usiku na Kiingereza changu hiki cha kuungaunga, tumecheka mpaka kalala chini. Asubuhi nimemtuma dukani nasikia ananijibu nayo, eti hajaelewa nirudie 😂 Kituo nitaenda Jumatatu niwaulize wanafundisha kuongea au topiki tu. Mwana Makete, huyo wa fomu thrii yupo jirani yangu, ila ni mtoto wa kike, si watamcheka?

Mwana_Makete:
Watamcheka siku mbili. Mpe huyo dada.