Naomba ushauri: afisa wa watoto anakuja kutathmini mahitaji ya ndugu wawili tunaowalea

Mlezi wa Barani

Asalaam alaykum ndugu zangu, na wasio Waislamu nawasalimu pia. Mimi na mume wangu tunaishi Barani, Malindi, na tunawalea ndugu wawili kwa utaratibu wa malezi ya kambo: msichana wa miaka 9 na mdogo wake wa kiume wa miaka 4, ambaye ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Jamaa zao wametafutwa na hakuna aliyejitokeza kuwachukua. Mwisho wa mwezi huu afisa wa watoto atakuja nyumbani kutathmini mahitaji yao ya muda mrefu, ili mpango wa malezi wa miaka ijayo uandikwe.

Kinachonishughulisha ni huyu dada mtu. Katika tathmini iliyopita, fomu ya mdogo wake ilijaa habari za dawa, kliniki na damu, lakini ya kwake iliandikwa kwamba hana tatizo, anakula vizuri na ana adabu. Adabu anayo kweli. Lakini ukimpa mahamri mawili, moja hula na la pili hulifunga kwa karatasi ya daftari na kulitia chini ya mto kwa ajili ya mdogo wake, hata kama mdogo wake ameshashiba. Usiku mtoto akikohoa, nikifika namkuta dada yake ameshampa maji na anampapasa mgongo. Mwalimu naye analalamika kwamba darasani anasinzia. Haya niyaelezeje ili yahesabiwe kuwa mahitaji, yasichukuliwe kuwa tabia njema tu? Na kwa mdogo wake, ni mambo gani ya mbele ambayo hayafai kusahauliwa?

Afisa Mstaafu, Kilifi

Waalaykum salaam, mwanangu. Umeona jambo ambalo wengi wetu tuliokuwa kazini lilitupita, kwa sababu mtoto mtulivu hamsumbui mtu na faili lake hufungwa mapema. Mtoto aliyewahi kukosa mtu mzima wa kumtegemea hujitwika ulezi, na mzigo huo haumwondoki kwa kuwa tu amehamia kwenye nyumba yenye chakula.

Andika matukio, usiandike hukumu. Ukisema "anampenda sana mdogo wake", afisa ataitikia kwa kichwa na kuendelea na swali linalofuata. Ukimwonyesha daftari lenye tarehe, saa aliyoamka, alichofanya na alivyokuwa shuleni asubuhi yake, ana kitu cha kutia kwenye faili. Mwalimu naye aandike barua yake. Kisha omba kila mtoto awe na tathmini yake na mpango wake, na msichana ahojiwe peke yake, mdogo wake akiwa chumba kingine, maana mbele yake atajibu kwa niaba ya wote wawili. Sheria ya Watoto ya 2022 inampa mtoto haki ya kusikilizwa kulingana na umri na ukomavu wake, kwa hiyo huombi hisani.

Mtu akipendekeza watenganishwe ili msichana apumzike, kataa kwa heshima. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, wa mwaka 2009, unataka ndugu wasitenganishwe isipokuwa pawe na hatari ya wazi au sababu nyingine inayohusu maslahi ya mtoto mwenyewe. Wala usimpokonye ulezi huo kwa ghafla, kwani ndio uliomfikisha hapa. Mwachie jambo dogo, kama kuchagua kikombe cha maji ya kumezea dawa, na dawa yenyewe itoke mkononi mwako kila siku, akiona.

Muuguzi wa Watoto, Malindi

Dada, kwa huyo mdogo hakikisha mpango haukomi kwenye neno "kliniki". Uandike penisilini ya kila siku, ambayo kwa kawaida hutolewa angalau mpaka miaka 5, asidi ya foliki, chanjo za nimonia, na swali la haidroksiyurea, dawa ya kupunguza mashambulizi ya maumivu ya selimundu, ambalo daktari wake ndiye wa kulijibu. Chandarua kisikose hata usiku mmoja. Watu huku Pwani husikia kwamba selimundu hukinga malaria, lakini anayekingwa ni yule aliyerithi kwa mzazi mmoja tu. Mwenye ugonjwa wenyewe malaria humwangamiza haraka.

Ukiwa kliniki, omba ufundishwe kulipima bandama kwa vidole, upande wa kushoto chini ya mbavu. Likivimba ghafla na mtoto akapauka, ni kukimbia hospitali saa hiyo hiyo. Shuleni naye atahitaji ruhusa ya kunywa maji na kwenda msalani wakati wowote, pamoja na mtu wa kumfuatilia masomo akilazwa. Uandikeni pia udhaifu wa ghafla wa mkono au mguu, kwa sababu ugonjwa huu huweza kuleta kiharusi hata kwa mtoto.

Mzee wa Shela

Binti yangu, ikiwa mtawalea mpaka wakue, muulizeni afisa kuhusu kafala, yaani malezi ya Kiislamu ya mtoto asiye wa kumzaa, ambayo sasa imo katika Sheria ya Watoto. Watoto wabaki na nasaba yao na jina la baba yao. Hawatawarithi, lakini mnaweza kuwausia kisichozidi thuluthi ya mali, na wasia huo uandikwe mkiwa hai na wazima. Suala la umahramu, yaani nani ni maharimu wake na nani si maharimu, msichana atakapobaleghe pia ni hitaji la muda mrefu: chumba chake na sitara yake vipangwe sasa.

Mlezi wa Barani

Ahsanteni sana. Daftari nimelianza leo. Mzee wangu wa Kilifi, naomba kuuliza: je, msichana aambiwe mapema kwamba atahojiwa peke yake? Nachelea asije akadhani wanakuja kumchukua.

Afisa Mstaafu, Kilifi

Aambiwe, tena na wewe, mchana, siku mbili tatu kabla. Mwambie nani anakuja, atauliza nini, na kwamba akitoka chumbani atamkuta mdogo wake pale pale alipomwacha. Afisa naye umpigie simu mapema umweleze hofu hiyo, ili neno lake la kwanza kwa mtoto liwe hilo. Vyeti vyao vya kuzaliwa kama havijapatikana, viulizie siku hiyo hiyo, kwa sababu shule na bima ya afya vitavidai.