MJADALA: Hoteli za "kila kitu ndani" visiwani zipigwe marufuku, zitozwe zaidi, au ziachwe?

Mwanzisha mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja. Watu wengi wanaokwenda kupumzika kwenye visiwa vya ukanda wa tropiki hufikia hoteli ambazo kila kitu kimelipiwa kabla hawajapanda ndege: chumba, milo mitatu, vinywaji, muziki wa usiku, hata gari la kuwatoa uwanjani. Mgeni akifika anavalishwa bangili ya plastiki, na tangu hapo hagusi pochi mpaka siku ya kuondoka. Mimi nasema mpango huu unakipunja kisiwa na unampunja mgeni mwenyewe. Lakini siungi mkono wanaotaka upigwe marufuku.

Sina ugomvi na anasa. Hoteli nzuri ni halali ya kisiwa chochote. Ninachokipinga ni pesa kulipwa yote mapema, tena kulipwa mbali. Familia inanunua safari kwa wakala wa nchini kwao. Wakala anakata chake, shirika la ndege linakata chake, hoteli inapata bei iliyowekwa kwenye mkataba miezi mingi nyuma. Bei hiyo huwa imebanwa kwelikweli, kwa sababu wakala ndiye anayejaza vyumba kwa mkupuo na hoteli inamhitaji kuliko yeye anavyoihitaji. Hoteli iliyobanwa nayo inabana. Inanunua kwa jumla vitu vinavyofika kwenye kontena vikiwa na ukubwa mmoja na bei moja mwaka mzima. Mvuvi anayeleta ndoo tano leo na nusu ndoo kesho hana namna ya kushindana na kontena.

Sasa mtazame mgeni. Akishalipia chakula cha jioni hotelini, mlo wowote atakaokula nje ya geti ni mlo alioulipia mara mbili. Kwa hiyo hatoki. Wala si uchoyo, ni hesabu ndiyo iliyomfunga. Anakaa wiki nzima kisiwani na watu pekee aliozungumza nao ni wahudumu. Dereva wa teksi, fundi cherehani, muuza matunda na mama mwenye meza sita za chakula wanamwona akipita ndani ya basi la hoteli siku ya kuja na siku ya kurudi, basi.

Wazo lenyewe halikuanza kwa nia mbaya. Club Med, kampuni ya likizo ya Ufaransa, ilianza mwaka 1950 kwa kambi ya mahema kule Mallorca, kisiwa cha Uhispania, watu wapumzike bila kupiga hesabu ya kila kikombe. Baadaye mtindo huo ukakua sana Karibea, hasa Jamaika, na kutoka huko ukaenea.

Kwa nini basi nisiunge mkono marufuku? Gambia walijaribu. Gambia si kisiwa, najua, lakini watalii wake wanafuata fukwe na jua vilevile. Mwaka 1999 serikali ilipiga marufuku vifurushi hivi ili migahawa ya nje ipate wateja. Mawakala na wenye hoteli wakalalamika, na mwaka uliofuata marufuku ikaondolewa. Nchi moja ikisimama peke yake, wateja wanahamishiwa ufukwe wa nchi nyingine.

Mfano unaonipa matumaini ni Maldivi. Hoteli ya kwanza ya kitalii ilifunguliwa huko mwaka 1972, na kwa miongo mingi utaratibu ulikuwa kisiwa kimoja, hoteli moja: wageni kwenye visiwa visivyokaliwa, wananchi kwenye visiwa vyao. Mwaka 2009 sheria ililegezwa, wananchi wakaruhusiwa kufungua nyumba za wageni kwenye visiwa wanavyoishi. Leo ukienda Maafushi, kimojawapo cha visiwa hivyo, unakuta mtaa mzima unaishi kwa kazi hiyo, wenye nyumba ni watu wa hapohapo. Hoteli za kifahari hazikufungwa hata moja kwa sababu hiyo. Mgeni alipewa mlango wa pili tu.

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, heshima yako, lakini unaitazama hoteli ukiwa umesimama nje ya geti. Mimi nimefanya kazi jikoni kwenye hoteli ya namna hiyo. Hoteli yenye mkataba na mawakala inajaa hata msimu wa mvua, na kwa sababu inajaa, haitupi likizo bila malipo. Mgahawa wa mtaani unaoutetea, mvua zikianza unafunga, na yule kijana anayeosha vyombo anaambiwa arudi jua likitoka. Bima ya afya nimeipata hotelini. Kupanda kutoka kumenya vitunguu hadi kusimamia zamu ya usiku, nimepandia hotelini. Hayo huyaweki kwenye mizani yako.

Na kuhusu kontena: siku mvuvi hakuja na bufee ni ya watu mia nne, meneja anamweleza nani? Tulijaribu kununua kwa wavuvi. Samaki wanafika bila barafu, hakuna risiti, na mhasibu hawezi kulipa bila risiti.

Jambo lingine ni maji taka. Mwaka 2018 Ufilipino ilikifunga kisiwa cha Boracay miezi sita, Aprili hadi Oktoba, kwa sababu uchafu ulikuwa unaingia baharini moja kwa moja. Waliokuwa wakimwaga hawakuwa hoteli kubwa peke yake, zilikuwa biashara nyingi, na ndogo zimo, ambazo hazikuungwa kwenye mabomba ya maji taka. Hoteli kubwa mkaguzi anajua pa kugonga. Nyumba za wageni mia mbili atazigonga lini?

Mchangiaji wa pili

Nina watoto watatu wadogo. Nikilipa mara moja najua bajeti yangu imeishia wapi, na mtoto akitaka juisi saa nne hatuanzi kugombana. Msitufanye sisi wezi wa kisiwa.

Mchangiaji wa tatu

Mnabishana juu ya sahani wakati ufukwe unaondoka. Hoteli iwe ya kifurushi au ya kulala tu, swali langu ni kama mtoto aliyezaliwa nyuma ya ule ukuta anaweza kwenda kuogelea. Barbados fukwe ni za umma, utakuta watu na wageni kwenye mchanga uleule. Jamaika sheria inayotumika ni ya mwaka 1956, kabla ya uhuru, na haimpi mwananchi haki ya jumla ya kufika ufukweni na kuogelea. Wananchi wa huko wamefika mpaka mahakamani kuidai. Anzieni hapo.

Mwanzisha mada

Nimesoma wote, asanteni.

Ndugu wa jikoni, hoja ya mshahara wa msimu wa mvua ni nzito na naichukua kama ilivyo. Mtu anayejenga nyumba yake kwa mshahara huo siwezi kumwambia hoteli imempunja. Lakini barafu na risiti zinatatulika. Ushirika wa wavuvi wenye ghala la baridi na akaunti ya benki unatoa risiti kama muuzaji mwingine yeyote. Kinachoukwamisha ni kwamba hakuna anayeilazimisha hoteli kuutafuta, maana kontena limezoeleka. Masharti ya kupewa ardhi ya ufukweni yangeweza kulitaja jambo hilo tangu siku ya kwanza, mwekezaji akiwa bado anabembeleza.

Kwenye uchafu nakubali Boracay, ila ongeza na Thilafushi. Ni kisiwa cha kutengenezwa karibu na Malé, mji mkuu wa Maldivi, na tangu miaka ya 1990 taka za mji huo na za hoteli za visiwa vya jirani zimekuwa zikimwagwa huko na, kwa miaka mingi, kuchomwa wazi. Bustani ya hoteli ni safi kwa sababu uchafu wake umevushwa maji.

Mama wa watoto watatu (kama ni baba unisamehe), hakuna aliyekuita mwizi. Ombi langu kwako ni dogo: hoteli ikikupa bei ya kulala na kifungua kinywa pamoja na ile ya kila kitu, ziweke kando kwa kando kabla hujachagua.

Ndugu wa ufukwe, umenigusa penyewe. Ningeweka njia ya umma ya kufika majini kuwa sharti la kwanza kabla hata ya kodi.

Ila kodi naitaka. Maldivi inatoza kodi ya mazingira kwa kila mgeni kwa kila usiku, na tangu Januari 2025 ni dola 12 kwenye hoteli za kitalii na dola 6 kwenye nyumba ndogo za wageni. Kumbe inawezekana kutoza viwango tofauti kulingana na mahali mgeni anapolala. Mimi ningetofautisha hivyohivyo kati ya aliyenunua kifurushi kizima na aliyenunua kitanda na chai ya asubuhi, na ziada ningeipeleka moja kwa moja kwenye mabomba ya maji taka ya mtaani, yale ambayo nyumba ndogo haziwezi kujijengea.

Walio kwenye idara za manunuzi za hoteli, naomba mnijibu hili: mvuvi akikabidhi samaki leo, analipwa baada ya siku ngapi? Nasikia miezi miwili, mitatu. Kama ni kweli, basi hata ushirika wenye barafu utakufa kabla hundi haijafika, na sharti la muda wa malipo lazima liingie kwenye mkataba wa ardhi pamoja na lile la kununua.