Mitego ya waya inatumalizia swala huku Elementaita, nyinyi mnafanyanga nini?

Skauti_Elementaita
Habari zenu wadau. Mimi ni skauti kwa hifadhi ndogo ya jamii huku upande wa Elementaita, ni ndogo kweli, ukianza kuizunguka na miguu asubui unamaliza kabla jua halijakuwa kali. Tuko wanne, bunduki hatuna, ni rungu, tochi na simu tu. Swala tuko nao, punda milia, ngiri, na digidigi lakini hao digidigi wamepungua mpaka sai unaweza maliza wiki bila kuona hata mmoja.

Shida ni mitego ya waya. Jumanne tumetoa kumi na moja kwa njia moja tu, ile wanyama wanapitanga wakienda maji, na mmoja ulikuwa na swala jike bado mzima, waya imezama shingoni, tukamshikilia tukaikata lakini alikufia hapo hapo mikononi mwetu na alikuwa na mimba. Sijalala vizuri tangu hio siku. Ukitoa leo, kesho kutwa ziko zingine. Na kuna jamaa tulishikanga na nyama kwa gunia, tukampeleka, akasema ni nyama ya mbuzi yake na kesi ikaishia hapo, sai tunapatana naye steji ya boda anatusalimia kwa majina. Naomba wenye mmepitia hii mniambie mlifanya nini. Kuongeza watu haiwezekani ju pesa hakuna.

Mzee_wa_Lambwe
Pole sana kijana wangu. Mimi nimestaafu, miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa mbuga ya Ruma, bonde la Lambwe, mahali pekee Kenya hii korongo amebaki, yule swala mkubwa Wajaluo wanamwita omoro. Wamebaki wachache kiasi kwamba mmoja akikosekana tulikuwa tunajua. Na mtego hauchagui, mtu anautegea tohe apate kitoweo, asubuhi unakuta ni korongo ameingia. Kwa hivyo najua vile unaskia.

Sasa hio kesi yenu ilianguka ju ya nyama. Zamani hio hadithi ya mbuzi ilituangusha sana mahakamani, lakini tangu 2015 KWS, lile shirika la serikali la wanyamapori, wako na maabara Nairobi inapima DNA, kipande kidogo cha nyama kinatosha kusema huyu ni swala au ni mbuzi. Kwa hivyo mkishika mtu, pigeni picha kabla hamjagusa chochote, gunia, kisu, waya, mahali penyewe, halafu kidhibiti kikae na mtu mmoja tu, andikeni saa na nani amempatia nani, na afisa wa KWS aitwe mapema nyama ikiwa bado mbichi. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iko wazi, kuwinda hata kama ni ya kula nyumbani ni kosa, na kuuza ni kosa lingine lenye adhabu nzito zaidi. Na msimpige mtu. Mkimpiga kesi inageuka kuwa yenu, hii nimeona na macho yangu.

MamaKitale
Mwanangu pole. Mimi naishi karibu na Saiwa, hii mbuga yetu ndogo ya nzohe, wale swala wa kinamasi, ni kama kilomita tatu za mraba tu na mahindi yetu yamefika mpaka kwa ukingo, kwa hivyo sisi na wanyama ni majirani wa mlango kwa mlango. Nikuulize kitu, hio nyama inaliwa na nani? Ju mwanamke anajua. Jirani akipika nyama katikati ya wiki na hakuna mahali wamechinja, sisi tunajua, ni vile hakuna mtu hukuja kutuuliza, watu wa hifadhi wakiita baraza wanaongea na wazee wanaume chini ya mti halafu wanaenda. Tafuta chama ya wamama hapo kwenu, enda siku yao ya mkutano, usiende na rungu, waambie vile huyo swala alikufa na mtoto tumboni. Mimi hapa nimesoma nimeshindwa kumaliza chai.

mgeni_2
Naandika na akaunti mpya na mtaelewa ni kwa nini. Nilifanya hii kazi ya kutega nikiwa kijana, si huko kwenu lakini ni Nakuru hii hii. Waya tulikuwa tunatoa kwa tairi, unachoma zinabaki, ama kebo ya klachi ya pikipiki, ama tunakata fensi ya hifadhi yenyewe. Kitu kilikuwa kinatusaidia zaidi ni maskauti kupita saa ile ile kila siku. Saa kumi na mbili wanaingia, saa nne wametoka, sisi tuko hapo steji tunawahesabu, wakishatoka wote tunajua mpaka kesho ni yetu. Usiku wa giza ndio wa tochi na mbwa, mwezi ukiwa mkubwa hatukuwa tunatoka. Na msifikirie ni njaa peke yake, kuna mtu alikuwa anakuja na pikipiki kabla kupambazuke anabeba yote, mjini inauzwa kama ya ng'ombe. Huyo ndio wa kutafuta, sisi wa waya akikosekana mmoja alikuwa anapata mwingine.

Niliacha ju ya kimeta. Mwenzangu alichuna mnyama tulipata amekufa, akatoka kidonda cheusi kwa mkono, alipona lakini kwa shida. Mnakumbuka 2015 vile nyati walikufa Lake Nakuru, ni huo huo ugonjwa. Kwa hivyo nanyi maskauti mkipata mzoga hauna alama ya waya na damu inatoka puani haigandi, msiguse kabisa, iteni daktari wa mifugo.

Skauti_Elementaita
Asanteni sana, na wewe mgeni_2 asante zaidi. Nimetoka saa hii kuangalia zile waya kumi na moja tuliweka stoo. Tisa ni za fensi yetu wenyewe, ule upande wa korongo la mchanga, nimefika huko nikapata kipande kimekatwa na sisi hatujapitanga huko kama mwezi. Na ni ukweli sisi tunaingianga saa kumi na mbili, kila siku. Tumeongea tukakubaliana leo wawili watatoka saa tisa usiku na wawili jioni. Kwa wamama nitaenda Alhamisi. Mzee, swali moja, yule swala tulimzika, nimfukue ju ya hio DNA?

Mzee_wa_Lambwe
Usifukue. Mwache, na ule waya wake ufunge kwa karatasi peke yake, usichanganye na zingine, andika tarehe na mahali. Piga simu KWS leo waje waone shimo. Siku nyingine piga kabla ya kuchimba.